Siku Ishirini za Zeno: Uchambuzi wa Kisa cha Mchezo wa Vita vya Chioggia

Kisa hiki ni cha mchezo, ingawa vita vyenyewe vilipiganwa kweli. Watu sita tulikaa wiki nane tukivicheza upya vita vya Venezia na Genova, vya mwaka 1378 hadi 1381. Tulibadilisha jambo moja tu, kisha tukangoja tuone historia itapita wapi. Mimi nilikuwa mwamuzi. Majina ya wachezaji na mahali wanapoishi nimeyaondoa, nitawaita kwa nafasi walizoshika. Nawaandikia wanaoandaa michezo ya namna hii na wanaotunga hadithi za "ingekuwaje", kwa sababu tulijikwaa mahali ambapo hakuna aliyepategemea, na wa kwanza kujikwaa nilikuwa mimi.

Usuli: vita vilivyopiganwa kweli

Venezia na Genova zilikuwa jamhuri za wafanyabiashara, na soko lililozilisha lilikuwa moja: viungo na hariri kutoka mashariki, nafaka na watumwa kutoka Bahari Nyeusi. Vita vya Chioggia vilikuwa vya nne vikubwa kati yao tangu katikati ya karne ya 13. Safari hii waligombea Tenedos, kisiwa kidogo kilichokaa kwenye mdomo wa mlango-bahari wa Dardanelles. Anayekishika huona kila chombo kinachokwenda Konstantinopoli na kila kinachorudi. Kaisari John V wa Bizanti aliwaahidi Wavenezia kisiwa hicho. Mwanawe Andronikos IV, aliyempindua mwaka 1376 kwa msaada wa Wagenova, akawaahidi Wagenova kisiwa kilekile. Wavenezia hawakungoja kuamuliwa, wakaenda kukikalia.

Chuki ilikuwa na kuni za zamani pia. Mwaka 1372, mfalme wa Kupro alipotawazwa mjini Famagusta, watu wa jamhuri hizi mbili waligombana juu ya nani ashike hatamu za farasi wake upande gani. Ugomvi ukamwaga damu, na mwaka uliofuata Wagenova wakauteka mji wa Famagusta. Hatamu za farasi zitarudi tena katika kisa hiki.

Mei 1378, karibu na Anzio, amiri Vettor Pisani wa Venezia aliwashinda Wagenova. Mei 7, 1379, mbele ya Pola, mambo yakageuka. Amiri wa Genova, Luciano Doria, aliuawa, lakini watu wake walizikamata merikebu nyingi za Venezia na Pisani akarudi na chache zilizosalimika. Nyumbani wakamtupa gerezani. Pietro Doria akapokea uongozi wa Wagenova, akashirikiana na Francesco da Carrara, bwana wa Padova, aliyetokea upande wa bara. Mfalme Louis wa Hungaria naye alikuwa upande wao. Agosti 16, 1379, Chioggia ikaanguka.

Chioggia iko kusini mwa wangwa wa Venezia (maji ya kina kifupi yanayouzunguka mji), kama kilomita 25 kutoka uwanja wa San Marco. Adui alikuwa ameingia uani. Venezia ikaomba mazungumzo, na simulizi za zamani zinasema Doria alijibu kwamba hakutakuwa na amani mpaka awatie hatamu wale farasi wa shaba waliosimama mbele ya kanisa la San Marco. Wavenezia wakang'oa nguzo zinazoonyesha njia za maji ndani ya wangwa, ili mgeni asijue penye kina na penye tope. Watu wa mji walikataa kujiandikisha chini ya amiri mwingine, wakamtaka Pisani, ikabidi afunguliwe. Doge, yaani mtawala wa Venezia, Andrea Contarini, mzee aliyekwisha kupita miaka 70, akapanda merikebu mwenyewe. Usiku wa Desemba 21 wakavuta vyombo vya mizigo vilivyosheheni mawe, wakavizamisha kwenye milango ya maji ya kutokea Chioggia. Aliyekuja kuzingira akazingirwa.

Kuziba mlango ni kazi ya usiku mmoja, lakini kuulinda ni kazi ya kila siku. Chombo kilichozama huweza kuvunjwa au kuvutwa pembeni, kwa hiyo merikebu za Venezia zililazimika kukaa nje, kwenye baridi na mawimbi ya Desemba, kuwazuia Wagenova wasisafishe njia. Wengi wa wapiga makasia walikuwa mafundi na wachuuzi wa mjini. Walichoka, wakaanza kusema wazi kwamba wanataka kurudi. Contarini akafunga nao mapatano: Carlo Zeno, aliyekuwa ameondoka na kikosi miezi mingi nyuma kuwinda vyombo vya Wagenova, asipoonekana kufikia Januari 1, 1380, tunaondoka. Ndani ya Venezia hakuna aliyejua Zeno yuko wapi. Asubuhi ya Januari 1 matanga yakaonekana kwenye upeo, na alikuwa yeye.

Yaliyofuata yalienda upande mmoja. Januari 22, pale Brondolo, karibu na Chioggia, jiwe la mzinga liliangusha mnara, na mnara ukamuua Pietro Doria. Juni 24 Wagenova waliobaki Chioggia, wakiwa na njaa, walijisalimisha.

Tulivyoupanga mchezo

Wachezaji walikuwa watano. Doge aliigizwa na mama mmoja ambaye kazi yake ni uhasibu. Pisani alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya melini. Hata nje ya mchezo tulimwita Nahodha. Doria alikuwa kijana wa chuo, Carrara alikuwa mwalimu wa historia wa sekondari, na Zeno alikuwa dada anayeishi Ulaya. Tulicheza kwa kundi la simu. Zamu moja ilikuwa siku tano za vita, na sisi tuliipa siku tatu au nne za kwetu.

Kila upande ulihesabiwa vitu vitatu: mkate, fedha na moyo wa watu, kila kimoja kwa alama kuanzia sifuri hadi kumi. Merikebu tulizihesabu pia, ila niliwaambia mapema kwamba merikebu yenye wapiga makasia waliokata tamaa haitoki bandarini hata iwe mpya namna gani. Barua zilichukua muda: kutoka Chioggia hadi Padova zamu hiyohiyo, hadi Genova zamu mbili, na kwenda kwa Zeno hazikuwa na uhakika wa kufika. Hali ya hewa na mashambulizi niliyaamua kwa dadu.

Badiliko lilikuwa moja. Zeno angekawia siku 20, afike Januari 21 badala ya Januari 1. Nilimwambia yeye peke yake, wengine wakajua tu kwamba "kuna jambo limebadilishwa". Niliona kwamba kufichwa huko kutawarudishia wachezaji ujinga waliokuwa nao watu wa 1379. Nilikosea, na sehemu kubwa ya uchambuzi huu inahusu kosa hilo.

Zamu mbili za kwanza

Tulianza Desemba 22, milango ikiwa imekwisha kuzibwa. Kabla hata ya kuombwa, Doge alituma tangazo kwa mabaharia wake: Zeno asipofika Januari 1, kila mtu atarudi nyumbani na atalipwa malimbikizo yake yote. Kanuni zangu zilisema ahadi yenye tarehe inapandisha moyo wa watu, kwa hiyo moyo ukaruka kutoka nne hadi saba. Nahodha akaniandikia pembeni: "Huyu mama ana uhakika gani?" Nikamwambia amuulize mwenyewe. Akamuuliza. Jibu lilikuja na alama za kicheko: "Mzee wangu, si imeandikwa kitabuni?"

Upande wa pili, Doria naye alikuwa na kitabu chake. Amri yake ya kwanza ilisema: "Mimi na wasaidizi wangu tunahama Brondolo leo. Tutakaa Chioggia mjini, mbali na mnara wowote." Kundi zima lilicheka, nami nikiwemo. Kwa kanuni zetu ngome isiyo na kamanda hufanya kazi nusu, na Brondolo ndipo Wagenova walipokuwa wakijaribu kufungua njia. Kijana alijiokoa na mnara ambao bado ulikuwa na mwezi mzima kabla ya kuanguka, akapunguza kasi ya kazi iliyokuwa ya lazima siku ileile.

Desemba 30 ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza. Nikijibu maswali kwenye kundi la wote, niliandika: "Zeno, zamu yako nakutumia pembeni." Doria alikisoma kile kijisentensi akakifasiri ipasavyo. Kama Zeno bado ana zamu ya kuamua huko aliko, basi hayuko karibu. Hakusema lolote, akaanza kuhamisha mafundi wa kusafisha njia usiku uleule.

Januari 1

Niliandika taarifa ya hali ya hewa kama kawaida: mawingu mepesi, upepo wa kaskazini mashariki, upeo mtupu.

Kundi lilinyamaza siku nzima. Jioni Doge akaniandikia: "Umekosea tarehe?" Nikamjibu kwamba sijakosea. Saa mbili baadaye akaandika tena, safari hii kama mtu aliyekaa kitako na kalamu: amebaki na fedha alama tatu, ameahidi malimbikizo yote, malimbikizo yote ni alama tano, na watu wanangoja.

Njia alizoziona zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kuvunja ahadi na kubaki. Ya pili ni kuitimiza, kuondoka kabisa na kumwachia Doria bahari. Ya tatu ni kuomba mazungumzo, na hapo sote tulijua Doria wa kweli aliwajibuje. Nahodha alileta ya nne. Alipendekeza merikebu zigawanywe mafungu matatu: fungu moja liende mjini kulala, kula na kuona watoto, mawili yabaki, na kila siku mbili wabadilishane. "Baharia hachoki na kasia," alisema kwenye ujumbe wa sauti ninaoukumbuka mpaka leo, "anachoka na kutojua atashuka lini."

Niliukataa mpango huo. Kanuni zangu zilitambua mambo matatu tu ya kupandisha moyo: malipo, ushindi na ahadi. Zamu za mapumziko hazikuwemo. Nikamwambia anaweza kuzipanga, lakini hazitaongeza alama yoyote.

Doge akachagua nusu kwa nusu. Merikebu kubwa zikarudi Lido, mlangoni pa Venezia, watu wakalipwa alichokuwa nacho, na Pisani akabaki nje na vyombo vidogo kulinda vile vilivyozamishwa. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya kihasibu na sina la kuipinga: ahadi iliyotimizwa nusu inadaiwa nusu. Ili apate fedha, alitangaza kwamba watu wa kawaida watakaochangia zaidi, wao na uzao wao, wataingizwa kwenye Baraza Kuu la mji. Venezia ya kweli ilifanya hivyohivyo, na mwaka 1381 koo 30 mpya zikaingizwa. Hiyo ilimpa alama mbili za kupumulia.

Siku Wagenova walipotoka

Kati ya Januari 4 na 10 Doria alifungua njia moja pale Brondolo. Ingechukua siku tatu. Ilichukua sita kwa sababu hapakuwa na kamanda. Vyombo vidogo vya Pisani viliwasumbua lakini havikuweza kuwazuia. Merikebu tisa za Genova zikatoka kwenye bahari ya wazi.

Sasa kijana alikuwa na uamuzi mmoja mkubwa kuliko yote aliyoyafanya. Angeweza kuzituma zikatafute mkate na kufungua njia ya barua kwenda Genova, ambako angeomba kikosi kingine. Au angeweza kugonga Lido, mlango wa Venezia wenyewe. Akagonga Lido. Nilimuuliza baadaye kwa nini, akasema alihisi Zeno anaweza kutokea saa yoyote, na kwamba "kitabuni Genova ilipoteza kwa sababu ilikaa Chioggia ikingoja". Mlango wa Lido ulikuwa umefungwa kwa minyororo na kulindwa na ngome pande zote. Dadu zilimkataa mara mbili, akapoteza merikebu tatu na alama tatu za moyo.

Na mkate? Mkate ulikuwa mikononi mwa mwalimu wa historia. Chioggia ililishwa kutoka bara, kwa njia za maji zinazotoka upande wa Padova, na Carrara alijua thamani ya njia hizo. Kwenye zamu ya pili alimwandikia Doria swali fupi: vita vikiisha, Chioggia ni ya nani? Doria alijibu kwamba watazungumza baadaye. Carrara akauliza tena zamu ya tatu, hakupata jibu, akapunguza nafaka kwa nusu. "Sijawanyima," aliniambia, "nimewapa kipimo cha mtu asiyejibiwa barua." Yeye alikuwa anafikiria Padova baada ya vita, ambapo jirani yake angekuwa ama Venezia iliyokasirika ama Genova iliyoshiba. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyemtaka mlangoni.

Matokeo

Zeno alifika Januari 21 na akazikuta merikebu sita za Genova nje, zimechoka, hazina biskuti ya siku tatu. Mbili alizikamata, nyingine zikakimbilia ndani na njia ikazibwa tena. Kuanzia hapo Chioggia ilihesabu mkate. Mwanzoni mwa Machi, kwa kalenda ya mchezo, Doria aliomba mazungumzo, na Doge, ambaye mfuko wake ulikuwa umefika sifuri, aliyakubali kabla barua haijakauka wino.

Walikubaliana hivi. Wagenova waondoke Chioggia na silaha zao kupitia Padova. Venezia irudishiwe mji. Ngome za Tenedos zibomolewe, kisiwa kisikaliwe na upande wowote. Treviso, milki ya Venezia huko bara, apewe Carrara, ambaye alikuwa amegoma kuwapitisha Wagenova mpaka aone kitu mkononi.

Mkataba wa kweli ulitiwa saini Torino Agosti 8, 1381, msuluhishi akiwa Amadeus VI, mtawala wa Savoia. Nao ulisema ngome za Tenedos zibomolewe na wakazi wake wahamishwe. Venezia ilikubali kuiachia Hungaria pwani ya Dalmatia. Treviso Wavenezia walikuwa wamekwisha kumpa Leopold wa Austria, kuliko imwangukie Carrara, ingawa Carrara aliinunua kwa Leopold mwaka 1384. Mwalimu wetu alifurahi sana kusikia kwamba amemtangulia Carrara wa kweli kwa miaka minne.

Kwa maneno mengine, Zeno alikawia siku 20, Doria hakufa, Lido ikashambuliwa, na mwisho wake amani ikawa ndugu wa ile ya kweli. Usiku wa mwisho kundi lilifurahi: tumethibitisha kwamba vita vya wafanyabiashara huamuliwa na mfuko, si na matanga. Mimi pia nilifurahi, kwa muda wa wiki moja hivi.

Uchambuzi

Nianze na lililofanikiwa, maana halina mengi. Ucheleweshaji wa barua ulifanya kazi vizuri kuliko kanuni nyingine yoyote. Kila aliyetaka ushauri ilibidi aamue kabla haujamfikia, kama ilivyokuwa kwa watu wa enzi ile. Kumpa Carrara mchezaji wake mwenyewe pia kulilipa. Michezo mingi ya vita hivi humfanya bwana wa Padova kuwa mfuko wa alama za Genova. Alipopata kichwa chake mwenyewe, muungano ukaonekana ulivyokuwa, watu wawili wanaochukiana na jirani mmoja.

Lililoshindwa ni ile siri. Nilidhani nikificha badiliko nimerudisha ujinga wa 1379, kumbe nilibadilisha tu tarehe ndani ya kitabu ambacho kila mtu alikuwa amekisoma. Angalia ahadi ya Doge. Maneno yake na ya Contarini yanafanana karibu yote, lakini vitendo ni viwili tofauti. Contarini alikuwa akinunua siku chache kutoka kwa watu ambao tayari walikuwa wanaondoka, na hakuwa na kitu kingine cha kulipia. Mama yetu alikuwa akiuza bidhaa aliyodhani iko ghalani. Ndiyo maana alitangaza kabla ya kuombwa, na ndiyo maana aliongeza malimbikizo juu yake, jambo ambalo mhasibu hawezi kulifanya akiwa na shaka hata kidogo. Tarehe ilipopita hakuwa na mpango wa pili, kwa sababu wa kwanza hakuuona kama mpango, aliuona kama kalenda.

Doria alifanya lilelile kwa woga. Kuukimbia mnara kulimgharimu siku tatu za kazi Brondolo, na siku hizo tatu, nikizihesabu sasa, ndizo alizozikosa za kutafuta mkate kabla ya kugonga Lido. Lido pia aliigonga kwa sababu ya kitabu: alikuwa akirekebisha kosa la Doria wa kweli badala ya kutazama ghala lake. Kwa zamu nne wachezaji wangu wawili wakuu hawakupigana wao kwa wao. Kila mmoja alipigana na mtu aliyekufa zaidi ya miaka mia sita iliyopita.

Ni Nahodha peke yake aliyecheza bila kitabu, na sababu ni rahisi: hakuwa amekisoma. Alikubali nafasi ya Pisani bila kujua Pisani ni nani. Alichokijua ni watu walio melini, na pendekezo lake la zamu za mapumziko ndilo lililokuwa bora kuliko yote yaliyotolewa Januari 1. Kwamba nililikataa ni kosa langu la pili, na naliona kubwa kuliko ule ujumbe wa Desemba 30. Ujumbe ulivujisha habari moja. Kanuni ilimfungia nje mtu aliyekuwa anaijua kazi. Mwamuzi akikataa jambo kwa sababu tu jedwali lake halina mstari wa kuliandika, mchezo hauwezi kumfundisha zaidi ya alichokiandika mwenyewe.

Nikirudi kwenye lile hitimisho la mfuko na matanga, nililiamini mpaka nilipoketi kuandika kisa hiki na kuangalia tena jedwali la fedha. Kila upande ulikuwa unapoteza alama moja kila baada ya zamu mbili, hata bila kupigana. Kwa kasi hiyo hakuna upande ambao ungefika Aprili. Kasi ile sikuipata kwenye hesabu za Venezia wala za Genova. Niliiweka kwa kuangalia mwisho: nilijua vita viliisha kwa pande zote kuchoka, nikatengeneza uchovu wa kutosha. Amani yetu ilifanana na ya Torino kwa sababu niliipanda mwenyewe ardhini kabla ya zamu ya kwanza, kisha nikashangaa ilipoota. Nami nilikuwa nimesoma kitabu.

Ni kweli kwamba Venezia ilikamuliwa kwa mikopo ya lazima mpaka hati zake za deni zikashuka thamani vibaya, na Genova ikatoka vitani na madeni yaliyoisumbua miaka mingi. Kwa hiyo huenda hitimisho letu si la uongo, lakini mchezo wetu hauwezi kuitwa shahidi wake.

Tulichobadilisha

Tumeucheza mara ya pili. Safari hii tarehe ya Zeno iliamuliwa kwa dadu na dada anayemcheza, peke yake, akaiandika kwenye karatasi aliyoificha hata kwangu. Kasi ya fedha tuliipanga kwa kura ya siri, kila mchezaji akataja yake na tukachukua ya katikati. Kifo cha makamanda huamuliwa kila zamu, popote walipo, hivyo hakuna anayekimbia mnara. Zamu za mapumziko zimeingizwa, na Nahodha ndiye aliyeziandika kanuni zake.

Mama yetu aliomba kiti kilekile cha Doge. Mabaharia walipomwomba tarehe, alikataa kuitaja. Moyo wa watu ulishuka zamu baada ya zamu, na Januari 6 theluthi ya merikebu zake iliondoka usiku bila kumuaga.